Mazoezi tiba kwa mgonjwa wa moyo mkubwa: ni nini, na nesi anaingiaje?

Mtu akishaambiwa hospitali ana moyo mkubwa, yaani moyo umeshindwa kufanya kazi vizuri, nyumbani anakatazwa kila kitu, usifagie, usichote maji, kaa hapo tutakuletea. Mama yangu mdogo tulimkalisha hivyo miezi kadhaa tukiona ndo tunamtunza, kumbe tunammaliza miguu.

Moyo kushindwa maana yake hausukumi damu ya kutosha, maji yanajaa mapafuni na miguuni, ndo unaona mtu anahema akipanda ngazi mbili na usiku analalia mito mitatu. Zamani hata madaktari walimwambia alale tu. Lakini misuli ikikaa bila kazi inanyauka, inashindwa kuchukua oksijeni vizuri kwenye damu, hivyo hatua chache tu pumzi imekata hata kama dawa anameza. Mazoezi yanairudishia misuli nguvu. Utafiti wa HF-ACTION uliotoka 2009, wagonjwa 2,331 wa Marekani, Kanada na Ufaransa, ulionyesha kwa wagonjwa ambao hali imetulia mazoezi ni salama na wanajisikia nafuu.

Sasa uuguzi wa utengamao kwa mazoezi, utengamao yaani kumrudishia mgonjwa uwezo wake, ni pale nesi anapoyatoa hayo mazoezi kama dozi. Kwanza anapima presha, mapigo na uzito, kisha anamtembeza mgonjwa dakika 6 kwenye korido kuona amefika mita ngapi. Anaanza na kidogo sana, labda dakika 5 mpaka 10 za kutembea mara mbili kwa siku, anaongeza muda kwanza, kasi baadaye. Kipimo cha nyumbani ni rahisi, akitembea aweze kuongea sentensi nzima bila kukatisha, akishindwa apunguze mwendo. Na asisimame ghafla, dawa nyingi za moyo zinashusha presha, kizunguzungu kinampiga chini.

Kwangu kazi kubwa ya nesi iko kwenye kuuliza. Ndiye anayegundua kwamba mgonjwa hamezi dawa ya kukojoza siku ya kliniki kwa kuogopa kubanwa mkojo kwenye daladala, daktari wa dakika tano hawezi kulijua hilo.

Uzito apime kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai. Ukipanda kilo 2 ndani ya siku tatu, hayo ni maji, mazoezi yasimame aende kliniki. Akihema hali amekaa, kifua kikimbana au akizimia, hapo hakuna kusubiri kesho, hospitali saa hiyohiyo.

Kama hospitali yenu haina kitengo cha utengamao, mwombeni nesi wa kliniki ya moyo ampime zile dakika 6 kabla hamjaondoka, vinavyohitajika ni korido, saa na kiti cha kupumzikia.