Ana miaka 78, wa nini kupasuliwa?

Swali hili huulizwa na watoto, si mgonjwa. Juzi aliletwa bibi mmoja wa Kibokoni, Mombasa, uvimbe wa saratani wa sentimita mbili ziwa la kushoto. Wanawe wawili wakawa wanamjibia kila kitu: presha, sukari, hata usingizi wake. "Mpe vidonge tu, daktari. Mwache apumzike."

Nikamwambia, "Bi mkubwa, hebu inuka, nenda hadi mlangoni urudi uketi." Mita tatu kwenda, tatu kurudi. Akakunja buibui mkononi, akainuka bila kushika kiti. Sekunde 11. Akaniuliza kama nataka arudie.

Kinachonitia hofu kwenye nusukaputi ni moyo mbovu, mapafu, figo, na mwili uliokwisha nguvu. Tarehe ya kuzaliwa pekee hainiambii hayo. Na upasuaji wa ziwa haufungui tumbo wala kifua. Vidonge vitupu hupunguza uvimbe unaolishwa na estrojeni, homoni ya kike, kama huu wake, lakini mara nyingi baada ya miaka miwili mitatu huanza kukua tena. Kwa mgonjwa wa kitandani, huenda muda huo unatosha. Huyu wangu yuaweza kuishi kumi.

Kosa la pili ni letu madaktari: "Mzee huyu, ondoa ziwa lote, yaishe." Kwa nini, ikiwa uvimbe ni mdogo? Ukikata uvimbe tu, kwa kawaida hufuata mionzi, nayo ndiyo hututisha; na nakubali, kuvuka feri ya Likoni siku tano kwa wiki, wiki tatu au zaidi, si mchezo. Lakini Marekani walifuatilia wanawake wa miaka 70 na zaidi, wenye uvimbe mdogo wa aina hii, waliokatwa uvimbe tu kisha wakanywa tamoksifeni, kidonge cha kuzuia estrojeni. Baada ya miaka 10, saratani ilirudi ziwani au kwapani kwa kama 10 katika kila 100 wasiopigwa mionzi, na 2 kwa waliopigwa. Kuishi, waliishi sawa.

Nilipomgeukia mwenyewe, hakuniuliza habari ya kufa. "Mkono huu nitaukandia unga?" Kumbe ndiye muuza mahamri wa mtaa mzima.

Kutoa tezi za kwapa ndiko huvimbisha mkono. Kwa umri wake, saratani inayolishwa na homoni na kwapa lisilo na uvimbe, toka 2016 chama cha wapasuaji wa saratani Marekani kinashauri tusizitoe kwa mazoea. Nikamwambia kwapa sitaligusa.

"Basi Jumanne," akasema, kabla wanawe hawajafungua mdomo.