Kinga kushuka na kinga kutulia si kitu kimoja

Mtu akivimba mguu Mwanza hii, hata kabla hajapimwa chochote, atasikia tu: kinga imeshuka. Muuza dawa mwenye kipaza sauti stendi ya Nyegezi anasema hivyo, jirani anasema hivyo, na juzi nimemsikia hata mwenye duka la dawa akimwambia hivyo mzee aliyehamia huku kutoka Tanga, mwenye matende ya miaka mingi. Watu waliokuwa kwenye foleni wakaangaliana. Hapa kwetu "kinga imeshuka" ina tafsiri moja tu inayomjia mtu kichwani, na haihusiani na mbu. Mzee wa watu akaondoka na kopo la unga wa kuongeza kinga.

Niyamalize ya darasani haraka. Matende na mabusha huletwa na minyoo wembamba wa jamii ya filaria. Wa Afrika ni Wuchereria bancrofti. Mbu ndiye msambazaji. Minyoo wakubwa hukaa ndani ya mishipa ya limfu, ile mirija inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu, miaka 6 hadi 8, jike akifika sentimita 8 hadi 10, na huzaa mamilioni ya vitoto viitwavyo mikrofilaria. Vitoto hivi hujitokeza kwenye damu ya juu juu usiku, mbu wanapouma, ndiyo maana damu ya kuviangalia kwa hadubini huchukuliwa kati ya saa nne usiku na saa nane. Kwa Tanzania ugonjwa huu umekuwa zaidi wa ukanda wa Pwani. Basi.

Kinachonikera kinaanzia hapa. Mnyoo wa sentimita 10 anaishije miaka yote hiyo ndani ya mtu bila kinga kumng'oa? Jibu la haraka ni kwamba kinga imekufa, na si kweli. Mnyoo hutoa kemikali zinazochochea seli za kudhibiti, zile ambazo kazi yake hata siku za kawaida ni kuizuia kinga isivuke mipaka. Interlukini-10, kemikali ya mwili ya kupoza, hupanda. Antibodi, yaani protini za kinga, aina ya IgG4 hujaa, na hizi huziba njia ya IgE, antibodi zenye kuwasha moto dhidi ya minyoo. Hali hii ndiyo uvumilivu wa kinga: kinga inamjua mnyoo, ila imetulizwa juu yake.

Ushahidi wake ni mzuri kiasi kwamba sielewi kwa nini hausemwi. Ukichukua seli za damu za mtu mwenye mikrofilaria nyingi ukaziwekea protini za mnyoo, zinakaa kimya. Ziwekee protini za bakteria wa kifua kikuu, zinaamka. Mbwa wa getini aliyezoeshwa mifupa na mwizi mmoja bado anawabwekea wengine wote. Huwezi kusema mbwa hayupo. Kwa mtu ambaye VVU vimemla seli za CD4, makamanda wa kinga, mambo ni mengine kabisa: hapo kifua kikuu kinapita, fangasi wa ubongo wanapita, kila mwizi anapita.

Halafu kuna kichekesho ambacho muuza unga hakijui. Mwenye kinga iliyotulizwa mara nyingi ni yule jirani mzima, anayelima na kucheza mpira huku damu yake ya usiku imejaa mikrofilaria. Mwenye mguu mkubwa, ukimpima, mara nyingi huzikuti kabisa. Kwake kinga haikutulia, imechachamaa. Vita vya pili vya dunia vilionyesha hili waziwazi: maelfu ya askari wa Marekani waliopelekwa visiwa vya Pasifiki walivimba mitoki, mikono na korodani ndani ya miezi michache, na ni wachache sana waliokutwa na mikrofilaria. Wenyeji wa visiwa vile walikuwa nazo tele, na wengi wao hawakuonyesha dalili yoyote.

Sisemi kinga ndiyo mkosaji pekee. Mnyoo mwenyewe hutanua mishipa ya limfu, hata kwa yule anayeonekana mzima, na bakteria wanaoingia kwenye nyufa za vidole ndio wanaoukuza mguu mwaka hadi mwaka. Ila kumuuzia mtu wa namna hii kitu cha "kupandisha kinga" ni kuchochea moto, kama kweli kingefanya kazi. Bahati nzuri nyingi ya unga ule ni mlonge tu.

Sisi wa Ziwa tungepaswa kulielewa hili kuliko watu wengine, kwa sababu ya kichocho. Mvuvi wa Kome au Ukerewe anayetapika damu akiwa na tumbo limejaa maji hakuumizwa sana na minyoo wakubwa walio ndani ya mishipa yake. Ni mayai yaliyokwama kwenye ini, na kinga ikayazingira moja moja hadi ini likajaa makovu. Pale pia utasikia kinga imeshuka.

Na watu wakimezeshwa dawa za matende, albendazoli na ivamektini, wakapata homa na kichwa kuuma, huo ni mwili ukishtukia mizoga ya mikrofilaria iliyomwagika kwa mpigo. Wenye nyingi ndio huumwa zaidi.

Kwa hiyo, dada yangu wa duka la dawa, akirudi yule mzee, mwambie kinga yake ipo na inafanya kazi kupita kiasi. Aoshe mguu kila siku kwa maji na sabuni, aukaushe vizuri katikati ya vidole, aunyanyue akikaa, na kidonda kidogo asikidharau. Na hela ya lile kopo umrudishie.