Je, bila PF3 mwanafunzi aliyebakwa hatibiwi?

Katika mabweni na hosteli nyingi za Mbeya na Iringa huaminika kwamba mwanafunzi aliyebakwa sharti apitie polisi kuchukua PF3, yaani fomu ya polisi namba 3, ndipo hospitali impokee. Imani hiyo ina chanzo: kwa miaka mingi majeruhi wa ajali na ugomvi wameulizwa fomu hiyo mapokezi.

Lakini PF3 ni karatasi ya ushahidi: polisi wanaomba uchunguzi, daktari anajaza alichokiona. Ni muhimu kwa kesi, ila inaweza kufuata baada ya matibabu. Saa ndizo hazisubiri. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Za dharura za kuzuia mimba, ndani ya siku 5. Tukio likiwa Ijumaa jioni, anayengoja ofisi zifunguliwe Jumatatu amebakiwa na saa chache tu za hizo 72.

Kwa matroni au mwalimu mlezi, kazi hasa ni hii: kumfikisha hospitali, kukaa naye, kutunza nguo alizovaa kwenye mfuko wa karatasi (wa plastiki hutunza unyevu, ushahidi ukaharibika), na kutomhoji. Mwenye shaka amuulize mapema muuguzi wa zamu, au askari wa dawati la jinsia kituoni: “Akija bila PF3, mnaanza na nini?”