Taitresheni: yale wanafunzi wameshikilia na vile mambo yalivyo

Pepa ya tatu ya kemia kwa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, ni ile ya vitendo yenye taitresheni (kudondosha solusheni moja kwa nyingine mpaka rangi ibadilike, halafu unasoma ujazo uliotumika), na inaogopewa bure. Ukisikiza stori za mafomu foo wakijiandaa utajua shida hata si kemia, ni mambo wamerithi kutoka kwa waliotangulia na hakuna aliyeuliza kama ni kweli.

Kuna hii ya kuosha vyombo, eti kila chombo lazima kisuuzwe na ile solusheni itakayoingia ndani. Kwa bureti (mrija wenye vipimo na koki, wa kudondosha asidi) na pipeti (mrija wa kupima ujazo kamili kama 25 cm³) sawa, maana maji yakibaki humo yanazimua solusheni yako. Lakini konikal flaski, chupa ambamo solusheni zinakutana, hapana! Hiyo ni maji ya distili tu. Tuseme umeisuuza na NaOH (alkali) ya nguvu ya 0.1 M ikabaki kama 1 cm³ chini, halafu ukaongeza 25 zako za pipeti, sasa ndani ziko 26 na HCl (asidi) ya nguvu ileile itaenda cm³ nzima zaidi, alama ndo hizo zimeenda. Na ukitumia maji kidogo kuteremsha matone yaliyoshika ukutani mwa flaski katikati ya kazi hujaharibu kitu, watu huogopa hiyo sana, lakini moli za NaOH, yaani kiasi chake, ni zilezile.

Lile tone linalobaki kwa ncha ya pipeti nalo wacheni kulipuliza jamani, pipeti ilipimwa likiwa limebaki, wewe gusisha ncha kwa flaski basi. Phenolphthalein, ile ya kuonyesha mabadiliko kwa rangi, pia, matone 2 au 3 yanatosha, eti ukimwaga mengi rangi itaonekana poa, kumbe yenyewe ni asidi dhaifu na inakula NaOH yako.

Sasa hii ndo kubwa: eti jedwali zuri ni lile ujazo wa asidi wa zile mara tatu unazorudia kazi umefanana kabisa. Hapo ndo watu wanapika. Mwalimu pia hufanya taitresheni hiyohiyo kwa solusheni hizohizo, na wastani wako unalinganishwa na jibu lake, ukiwa ndani ya 0.1 cm³ uko salama. Kwa hivyo ukitunga 22.00 mara tatu na mwalimu alipata 24.20, huo usafi wa jedwali utakusaidia na nini? Aliyeandika 24.20, 24.30, 24.20 akapata wastani wa 24.23 hana wasiwasi wowote. Na bureti sufuri yake iko juu, kwa hivyo usomaji wa mwisho lazima uwe mkubwa kuliko wa mwanzo, wengine huandika jedwali kichwa chini halafu wanashangaa. Ikisoma 24 kamili, andika 24.00 kama zile zingine zina desimali mbili.

Kwa ripoti za darasani kuna ugonjwa wa kuandika "makosa ya kibinadamu" kila mahali, kitu ambacho hakimwambii mwalimu chochote. Andika kilichotokea: kulikuwa na kiputo cha hewa chini ya koki ya bureti, kikatoka katikati ya kazi, asidi ikajaza hiyo nafasi, ndo maana ujazo uliosomwa umezidi ule ulioingia kwa flaski.