Je, wajua kwa nini kipande cha kaktasi hakipandwi siku hiyohiyo kilipokatwa?

Hivi ushawahi kukata kipande cha kaktasi, kikiwa bado kinatoka maji ukakichomeka kwenye udongo na kukimwagilia vizuri kabisa, halafu wiki tatu baadaye ukikishika chini kinabonyea kama ndizi iliyoiva sana na kinanuka? Mi nishapoteza viwili hivyo, roho iliniuma kweli.

Naongelea zile kaktasi ndefu za milima ya Andes, hasa San Pedro, ambayo kwao Peru na Ecuador wanaiita pia wachuma. Inaota kwenye miteremko yenye mawe, mita 2000 mpaka 3000 hivi juu ya usawa wa bahari, na kule shina likizidiwa na uzito linaanguka tu, linatoa mizizi palepale lilipolala. Kwa hiyo kuota kwa kipande ndo asili yake, tunachokosea sisi ni haraka.

Ukikata umefungua kidonda, ndani ni nyama laini imejaa maji, ukikizika kwenye unyevu kuvu na bakteria wanaingia bila hodi. Kiache kivulini penye hewa wiki 2 hadi 4, kinene kinataka muda zaidi, na utaona chenyewe: ule ukijani mbichi unageuka rangi ya chai ya maziwa, nyama inanywea kwa ndani, lile duara gumu la katikati linabaki limejitokeza, ukigonga na ukucha inalia ko ko. Hicho ni kigaga, kama cha kidonda cha goti, na mizizi mingi itatokea hapo kwenye duara.

Hakifi kwa kiu kweli? Hakifi, shina lote ni tangi la maji, na vitundu vyake vya kupumulia vinafunguka usiku, jua likiwaka vimefungwa, ndo maana kinaweza kukaa miezi bila mzizi hata mmoja.

Ila kisimamishe wima, kikilala muda mrefu kinapinda kufuata mwanga na mizizi inachomoza ubavuni. Kama umekata juu na chini chora mshale wa kuonyesha juu ni wapi, maana ni rahisi sana kuchanganya. Changarawe nusu udongo nusu, na maji subiri mpaka ukikivuta kidogo kinang'ang'ania. Kile kigutu ulichokiacha kwenye mti mama usiking'oe, kitachipua vichwa vipya pembeni, vingine viwili vitatu kwa mpigo.