Je, wajua kwa nini guidaki haingii ndani ya gamba lake?

Ukipita kwenye matangi ya soko la samaki mjini Seattle, Marekani, au ya mkahawa wa Kichina mjini Vancouver, Kanada, utamwona kiumbe anayewafanya wageni wasimame. Ana magamba mawili meupe, marefu kiasi cha sentimita 15 hadi 20. Katikati ya magamba hayo imetokeza shingo nene ya nyama, yenye makunyanzi, rangi ya maziwa au kahawia, ndefu mara kadhaa kuliko gamba lenyewe. Magamba hayafungi. Hata akishtuka akajikunja kwa nguvu zake zote, shingo ile haiingii ndani.

Huyo ndiye guidaki. Kwa Kiingereza jina lake huandikwa geoduck, na wanasayansi humwita Panopea generosa. Ni chaza mkubwa kuliko chaza wengine wote wanaojichimbia mchangani. Wengi huwa na uzito wa kilo moja hivi, wachache hupita kilo 3, na shingo ikinyooka huweza kufika mita moja. Wachina humwita chaza wa mkonga wa ndovu, na ukishamwona huna la kubisha.

Sasa, chaza tunayemjua sisi hayuko hivi. Akina mama wanaoshuka pwani kwetu wakati wa bamvua, maji yakishakupwa, wanajua kwamba ukimgusa chaza tu, gamba linabana. Gamba ndiyo ngao yake. Iweje huyu wa Pasifiki, pwani ya magharibi ya Marekani na Kanada, akae nusu ya mwili wake nje?

Ni kwa sababu ngao yake ni mchanga. Guidaki aliyekomaa huishi karibu mita nzima chini ya sakafu ya bahari, na kinachofika juu ni ncha ya shingo peke yake. Tunaiita shingo kwa mazoea, lakini hasa ni mirija miwili iliyoungana. Mmoja huvuta maji yenye oksijeni na vimea vidogo visivyoonekana kwa macho, na mwingine hutoa maji yaliyokwisha kuchujwa. Hatoki kwenda kutafuta riziki, bahari ndiyo inayompelekea. Akihisi kitu kinapita juu yake, huuvuta mrija chini, na adui hubaki na kitundu kitupu. Kwa mnyama anayeishi hivyo, gamba la kujifungia lina kazi gani? Kazi iliyobaki ni kuushikilia mwili, na mwili umepata nafasi ya kunenepa kupita gamba.

Usalama huo lakini hupatikana kwa shida. Jike hutoa mayai kati ya milioni 7 na milioni 10 kwa mkupuo mmoja, yakirutubishwa humo humo majini, na watoto huelea kwa wiki kadhaa wakiliwa na kila mwenye mdomo. Wanaonusurika hutua chini na kuanza kuchimba kwa kiungo cha misuli kiitwacho mguu. Kadiri anavyokua ndivyo anavyoshuka, na kadiri anavyoshuka ndivyo mrija unavyorefuka ili usikose kufika juu. Katika miaka hiyo ya mwanzo, kaa, viti vya pwani na konokono wa baharini huwamaliza wengi sana. Akishafika kina chake ameokoka. Wanaoweza kumfukua ni wachache, kama vile fisi-maji wa baharini wa Alaska na wa British Columbia, jimbo la Kanada.

Hapa pana jambo linalonigusa kuliko yote. Guidaki mkubwa hawezi tena kuchimba. Mwili umekua, mguu umebaki mdogo. Ukimfukua ukamwacha juu ya mchanga, hata kama hana jeraha, hatarudi alikotoka. Atalala hapo mpaka afe au aliwe. Ndiyo maana sheria ya jimbo la Washington humtaka mtu anayechimba kwa ajili ya kitoweo chake amchukue yule aliyemfukua, awe mdogo, awe amevunjika gamba. Kuchagua wanono na kuwatupa wengine ni kuua bure.

Na anayeuawa anaweza kuwa mzee mno. Gamba la guidaki huongeza mstari mmoja kila mwaka, na wataalamu wakilikata wakahesabu hupata umri wake. Yumo aliyehesabiwa miaka 168. Wapo walio hai leo ambao walikwisha tulia mchangani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na hawajasogea tangu siku hiyo. Upana wa mistari hiyo husaidia pia kukadiria joto la bahari la miaka ambayo hakukuwa na mtu wa kulipima.

Wenyeji asilia wa pwani ile walimla guidaki vizazi na vizazi, wakimchimba ufukweni maji yanapokupwa sana. Biashara kubwa ilikuja baadaye. Mwaka 1960 mzamiaji wa jeshi la majini la Marekani, akitafuta topido iliyopotea katika Puget Sound, mkono wa bahari ulioingia ndani ya jimbo la Washington, aliona kwamba sakafu ya bahari huko chini imejaa guidaki. Washington ikaruhusu uvunaji wa kibiashara mwaka 1970, na British Columbia ikafuata mwaka 1976. Wenyeji asilia wa Washington walilazimika kwenda mahakamani kudai fungu lao, na Desemba 1994 jaji Edward Rafeedie aliamua kwamba, kwa mikataba waliyotia saini na serikali ya Marekani katika miaka ya 1850, nusu ya chaza na kombe wanaoweza kuvunwa ni haki yao.

Kazi yenyewe bado ni ya mikono. Mzamiaji hushuka mita 5 hadi 20 hivi katika maji baridi, akipumua kwa mpira unaoletea hewa kutoka kwenye boti. Anatembea chini akitafuta ncha ya mrija au kashimo kadogo mchangani. Akiipata, huishika isije ikavutwa chini, kisha huchomeka pembeni bomba linalotoa maji kwa nguvu mpaka mchanga ulegee, anazamisha mkono hadi begani na kumtoa mzima mzima. Mmoja mmoja, siku nzima. Akivunjika gamba au kuchanika shingo, bei imeanguka. Juu botini hufungwa kwa mpira ili gamba lisipasuke, hupangwa kwenye makreti, na hupandishwa ndege kwenda China au Hong Kong akiwa bado hai.

Jumlisha mzamiaji, ndege, na mlaji anayetaka kumwona akicheza tangini kabla hajapikwa, ndipo utaelewa kwa nini mikahawani China bei imewahi kupita dola 100 kwa ratili. Rangi nayo ina bei yake. Mwenye shingo nyeupe hununuliwa ghali, wa kahawia iliyokolea hushuka. Kutegemea soko moja kuna hatari, na wavunaji waliionja Desemba 2013, China ilipozuia chaza na kombe wa pwani ya magharibi ya Marekani ikitaja aseniki na sumu itokanayo na mwani. Zuio lilianza kulegezwa Mei 2014.

Washington hairuhusu kuvunwa zaidi ya asilimia 2.7 kwa mwaka ya guidaki wanaokadiriwa kuwepo katika maeneo ya uvuvi. Kiwango hicho kinaweza kuonekana cha ubahili, lakini mimi nakiona cha haki kabisa, kwa kuwa eneo likishavunwa huchukua miongo kujaa tena. Wengine sasa wanafuga. Vifaranga vya guidaki hupandwa ufukweni ndani ya vipande vya mabomba ya plastiki vilivyofunikwa wavu, kaa wasivifikie, na huvunwa baada ya miaka 5 hadi 7. Majirani wa fukwe hizo wamelalamika sana kuhusu plastiki hiyo, na malalamiko yao yana msingi.

Kama unaishi upande ule na ungependa kumwonja, mguse shingo kwanza. Aliye hai hujikunja. Mtumbukize katika maji yanayochemka kwa sekunde chache tu, ngozi itavuka yote. Tumbo litoe utupe, maana sumu ya mwani hujikusanya zaidi humo. Shingo ipasue kwa urefu, ioshe mchanga, kisha uikate vipande vyembamba sana. Wajapani huila mbichi kwa sosi ya soya, Wakorea kwa rojo ya pilipili, na Wachina huichovya kidogo katika supu inayochemka mezani. Ina utamu wa bahari na hutafunika kwa mlio, ila ikikaa motoni kidogo tu kupita kiasi inakuwa mpira. Nyama ya mwilini ni laini kuliko ya shingo, nayo hukaangwa haraka au hukatwakatwa na kutiwa kwenye supu nzito ya viazi na maziwa, kama wanavyopenda watu wa Washington.