Gemu haifi kwa uvivu

Hapa Kigoma, kijana akiacha njiani gemu anayoitengeneza, maneno ni yaleyale: mvivu huyo, au kompyuta yake mbovu. Mara nyingi si kweli. Godot, programu ya kutengenezea gemu, ni ya bure na msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, uko wazi kwa wote tangu 2014, na gemu ndogo haihitaji mashine ya ajabu.

Kinachoua ni ukubwa wa wazo. Chukua gemu ya kuvua dagaa usiku Ziwa Tanganyika. Mtumbwi unasogea, taa zinawaka, samaki wanakuja: hayo hupatikana mapema, na ndiyo matamu. Kisha hubaki kazi isiyosifiwa na mtu, yaani kuhifadhi alipofikia mchezaji, menyu, sauti, kujaribu kwenye simu za kila aina. Na kila unachoongeza hugusa vya zamani. Ukileta dhoruba, mtumbwi, taa na samaki vyote vinadai kurekebishwa. (Rafiki anayeshauri “weka na mwalo wa Kibirizi” hajui anamtwika mwenzake mzigo gani.)

Wengi humtaja Eric Barone wa Marekani, aliyetengeneza gemu ya shambani Stardew Valley peke yake kwa zaidi ya miaka 4 hadi ilipotoka 2016. Husahau kwamba mwenza wake ndiye aliyekuwa akiingiza kipato, na Barone mwenyewe akishika kibarua cha muda kwenye ukumbi wa maonyesho.